Barua kwa vijana wa kijiwe chetu: mgongo huo haujasagika

Wanangu wa bodaboda,

Shikamoo zenu nazipokea kila asubuhi nikipita kijiweni. Leo nami nina neno.

Juzi jioni nilimwona mmoja wenu akishuka kwenye pikipiki. Mkono mmoja umeshika usukani, mwingine kiuno, akauvusha mguu juu ya kiti polepole kama mtu wa umri wangu. Hajafika miaka 25. Mfukoni mwa shati alikuwa na vidonge vya diklofenaki, dawa ya maumivu, vimebaki viwili. Akaniambia, "Mzee, pingili zangu zimesagika." Nikamuuliza nani kampima. Kumbe kaambiwa na muuza dawa anayepita na kipaza sauti.

Niliumia, maana na mimi niliwahi kuamini maneno kama hayo. Nikiwa na miaka 27 nilikuwa dereva wa lori, Dar es Salaam hadi Tunduma. Mgongo ulinikamata nikipandisha Kitonga, na nilipofika Iringa nilishushwa kwa kushikwa. Nikaambiwa nilale chini, nisiinuke. Nililala wiki tatu. Nilipoamka miguu ilitetemeka, maumivu yako palepale. Nikahamia kwenye vidonge na sindano za dukani, mwaka mzima, hadi nikatapika damu: vidonda vya tumbo. Nilikuja kupata nafuu kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo. Hakunipa dawa. Alisema, "Inuka, tutembee."

Kiunoni mna pingili tano, kati yake diski, yaani vibao laini vya kupunguza mtikisiko, na misuli inayozishikilia. Ukikaa umeinama kutwa nzima juu ya kiti kinachotikisika, nyuma umebeba mishikaki, misuli hiyo huchoka na kukaza. Inauma kweli, sisemi mnajidekeza. Lakini kwa wengi hakuna kilichovunjika, na ndiyo maana eksirei mara nyingi haionyeshi kitu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu haya ya kiuno. Wengi wanaoumwa ghafla hupata nafuu ndani ya wiki chache, mradi wasijilaze.

Na lile mnalonong'ona nalisema wazi: kuumwa kiuno si dalili kwamba nguvu za kiume zimekwisha. Wala kila kiuno si figo. Figo huuma juu zaidi, chini ya mbavu, mara nyingi upande mmoja, pengine na homa au mkojo unaochoma. Wanaowauzia chupa za mizizi wanauza hofu yenu.

Basi, kila baada ya abiria kadhaa shuka, zunguka kijiwe mara mbili tatu. Shokapu iliyokufa badilisha, ni nafuu kuliko sindano. Gunia la abiria likumbatie karibu na tumbo, na ukigeuka geuza miguu, usipinde kiuno. Asubuhi lala chali, kunja magoti, inua makalio, hesabu hadi kumi, shusha. Anza na mara tano. Kidonge kikihitajika, kiwe cha siku chache, kwa ushauri, na tumbo lisiwe tupu.

Ila kuna mgongo usio wa kijiweni. Ukipata ganzi makalioni na sehemu za siri, mkojo ukikataa au ukitoka wenyewe, au miguu ikiisha nguvu, nenda hospitali usiku huohuo, usingoje kuche. Ukianguka na pikipiki kisha mgongo ukauma, kapimwe. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda pia msizipuuze, maana kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo. Na kama miezi mitatu imepita, unaamka umekakamaa zaidi ya nusu saa, ukitembea unapata ahueni lakini ukilala unazidi, mwambie daktari hivyo hivyo. Kuna ugonjwa wa viungo unaoanza ujanani namna hiyo, nao una dawa zake.

Wewe wa vidonge viwili, sijakutaja jina na sitakutaja. Kesho saa kumi na mbili, kabla ya abiria wa kwanza, nitakuwa hapo kijiweni. Tutatembea hadi darajani na kurudi, mwendo wangu, si wako.

Mzee wenu wa malori