Salamu za Krismasi Nyanda za Juu Kusini, na kumbukumbu ya Mike Lithgow

Kamwene Iringa, ugonile Mbeya, na salamu kwa Njombe, Rungwe na Songwe yote. Krismasi imetukuta mvua zimekolea, mahindi yamechipua, na watoto wa nyumbani wako njiani. Wengi wanapanda Kitonga kwa basi, wengine watashuka viwanja vya ndege vya Songwe au Nduli.

Wewe utakayeshuka kwenye Q400, ile ndege ya mapanga ya Air Tanzania, kabla hujakimbilia mzigo, geuka utazame mkia. Bawa dogo la nyuma limekaa juu kabisa, kama herufi T. Kwa ajili ya mikia ya namna hiyo tunamkumbuka Mike Lithgow, rubani aliyetoka jeshi la wanamaji la Uingereza. Mei 1941 aliruka na ndege ya Swordfish kutoka Ark Royal, manowari ya kubeba ndege, kuishambulia Bismarck, manowari ya Ujerumani. Septemba 1953 aliweka rekodi ya dunia ya kasi huko Libya, zaidi ya kilomita 1,180 kwa saa.

Tarehe 22 Oktoba 1963, akiwa rubani wa majaribio wa kiwanda, alipanda na wenzake sita kuijaribu BAC One-Eleven, ndege ya abiria yenye mkia wa T, iliyoruka mara ya kwanza Agosti mwaka huo. Kazi ilikuwa kupunguza mwendo na kuinua pua mpaka bawa likaribie kushindwa kubeba, kisha kuirudisha ndege sawa. Kwa kawaida rubani husukuma usukani mbele, pua ikashuka, mwendo ukarudi. Safari hii pua ilipanda kupita kiasi, na hewa iliyovurugwa na mabawa ikaufunika mkia. Vibao vya mkiani vya kushusha pua havikuwa na haidroliki. Vilitegemea vibao vidogo vinavyosukumwa na upepo. Upepo uliotoka chini ukavipandisha juu, huku rubani akisukuma usukani kwa nguvu zote. Ndege ilishuka kwa tumbo, bila pua kuinama, ikaanguka Chicklade, Wiltshire. Wote saba walifariki.

Vinasa taarifa vilinusurika, na humo mafundi wakasoma kilichotokea. Ukingo wa mbele wa bawa ukabadilishwa, vibao vya mkia vikapewa haidroliki, na kikafungwa kifaa cha kusukuma usukani mbele kabla hatari haijafika. Ndege za Super VC10 za East African Airways, shirika la zamani la Afrika Mashariki, ambazo wazee wetu wanazikumbuka, nazo zilikuwa na mkia wa T na kinga ya aina hiyo.

Kwenye Q400, usukani hutetemeka kwanza mikononi mwa rubani. Asipochukua hatua, kifaa kingine huusukuma mbele. Lakini kifaa hakitoshi. Februari 2009 karibu na Buffalo, Marekani, usukani wa Q400 ulitetemeka, rubani akauvuta nyuma badala ya kuusukuma. Walikufa watu 50. Ndiyo maana zoezi hili hurudiwa na kurudiwa kwenye mashine za mafunzo, hadi mkono uzoee kusukuma.

Kwa hiyo ndege ikizunguka juu ya ukungu wa Songwe kisha ikarudi Dar, tunawaomba ndugu mnaosubiri msimlaumu rubani. Ndizi na nyama vitapashwa moto.

Katika sala za mkesha, watajeni wale saba. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kwenu nyote, na kwa walio zamu sikukuu nzima: marubani, mafundi, waongoza ndege na zimamoto wa viwanja vyetu.