Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: tunaomba Viwanja vya Tangamano tuonyeshe filamu, jioni moja kila mwezi

Mheshimiwa, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, mzaliwa wa Ngamiani. Nasomea filamu, hasa zile zinazotengenezwa ili jambo fulani libadilike. Nyumbani bado wananiuliza hiyo ni kazi gani.

Sinema za kuelimisha umma si ngeni mkoani kwako. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walipiga kambi Vugiri, milima ya Usambara, wakatengeneza filamu za kodi, safura na kuweka akiba Posta, wakazizungusha kwa lori hadi Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo). Waigizaji walikuwa watu wetu. Cha kusemwa kilishapangwa na wageni. Mtindo huo haujafa. Filamu nyingi za miradi ninazoziona zinamfundisha mvuvi, hazimsikilizi.

Uvuvi wa baruti, kwa mfano. Kwamba ni kosa, nani hajui? Lakini nenda Deep Sea, pale samaki wanaposhushwa, ukae na mama anayekaanga samaki. Akimpasua wa baruti atakuonyesha damu iliyovilia ndani na uti uliovunjika, kisha atakwambia kwa nini bado anamnunua. Hayo huyakuti kwenye bango. Filamu inaweza kuyaweka mbele ya umati, mama mwenyewe akiwepo, mvuvi akiwepo, ofisa uvuvi akiwepo, na ikiisha wakabishana. Ousmane Sembène wa Senegal, mtunzi wa riwaya, aligeukia filamu kwa kuwa wengi wa watu wake hawakujua kusoma. Sinema akaiita shule ya jioni. Sisi madarasa tunayo: vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mitaani, vinajaa, joto, mabenchi yamebanana, dijei anatafsiri sinema ya Kihindi kwa ufundi ambao, wallahi, chuoni hatufundishwi.

Ninachoomba ni Viwanja vya Tangamano jioni moja kila mwezi, bila ada, na ofisa uvuvi aagizwe kukaa hadi maswali yaishe. Filamu zitapita Bodi ya Filamu kama sheria ya 1976 inavyotaka. Kwa hilo sina ugomvi. Ila kibali kikishatoka, asitokee mtu mwingine wa kutaka maneno ya wavuvi yakatwe kwa sababu yanauma. Yatauma kweli, na mengine yatakuhusu wewe, Mheshimiwa. Kiti chako tutakiweka mstari wa mbele.

Nasubiri majibu.

Mwanafunzi wa uzamili,
Ngamiani, Tanga