Wenye ploti, tuachieni magunia yetu ya sukuma

Mhariri,

Nakuandikia kutoka Kayole na naomba nafasi kidogo kwa gazeti niongee na wenye ploti, yaani wenye nyumba tunazopanga hapa Nairobi, juu tumeambiwa tutoe magunia tuliyopanda mboga juu ya nyumba, na haya maneno yamenikaa kwa roho wiki mbili sasa.

Mwisho wa Machi mvua ilipoanza kushika, mimi na majirani wawili wa floo yetu tulipandisha magunia tisa mpaka juu kwa slabu, lile paa bapa la saruji ambapo watu huanika nguo. Haikuwa kazi ya mchezo. Udongo wa huku Eastlands ni ule mweusi wa kushikana, ukilowa unakuwa kama gundi na ukikauka unapasuka, kwa hivo ilibidi tuuchanganye na mchanga na mbolea ya mbuzi iliyooza kabisa (mbolea mbichi huchoma miche, hiyo nimeiona kwa macho yangu). Katikati ya gunia unasimamisha kopo lililotolewa matako, unalijaza kokoto, unazungushia udongo pande zote, halafu unalivuta juu na kuendelea hivo hivo mpaka gunia lijae. Hizo kokoto ndizo zinapeleka maji mpaka chini, bila hizo juu kunalowa na chini kunabaki vumbi, na miche tunayopanda kwa mashimo ya kando ya gunia, ile ya chini inakauka ukidhani unamwagilia.

Sasa tuko katikati ya Juni na ningependa uone vile mahali pamekuwa. Sukuma tulianza kuchuma wiki ya saba na hatujanunua tena. Tunachuma majani ya chini tu, tunaacha manne ama matano ya juu, na shina linaendelea kupanda. Baridi hii watu wanalia nayo, sukuma na spinachi zinaipenda, hata vidukari vilivyokuwa vimejaa chini ya majani Mei vimepungua, ingawa pia tulikuwa tunavifuta na maji ya sabuni jioni. Managu (mnavu) ndiyo imenishangaza, imejaa mpaka tunagawa. Terere (mchicha) tulikula ndani ya mwezi mmoja, ikatoa maua, tukaing'oa tukapanda ingine na hii ya pili inajivuta, juu jua halionekani siku tatu nne na usiku joto linashuka mpaka digrii 12 hivi. Kunde zimesimama tu pale pale, kunde ni za joto, nimekubali nitazipanda tena mvua ya Oktoba.

Nyanya zimetuumiza. Zilikuwa zimeshaanza kufunga matunda, halafu asubuhi moja tukapata madoa ya kahawia kwa majani, na ukigeuza jani kuna kitu cheupe kama unga. Hiyo ni blaiti, na Nairobi mwezi wa sita na wa saba ni msimu wake, baridi na unyevu ndio chakula chake. Tuling'oa mashina manne yaliyoshikwa tukayatoa kabisa hapo juu, yaliyobaki tunamwagilia chini kwa shina bila kulowesha majani na tumeyasogeza upande wenye upepo. Yamebaki mawili mazuri. Anayetaka kuanza bustani saa hii namwambia ukweli, aache nyanya kwanza, aweke sukuma, spinachi, managu na dania.

Basi hayo yote yakiendelea vizuri, keateka, yule msimamizi wa ploti, akaja na ujumbe wa mwenye ploti kwamba magunia yatoke kabla mwezi uishe. Sababu ni kwamba maji yataingia kwa dari ya floo ya juu na udongo utaziba mfereji.

Mhariri, mimi sisemi mwenye ploti amekosea kuogopa. Nyumba ni yake, na gunia la kilo 90 la mahindi ukilijaza udongo uliolowa linapita kilo 100, ukiyarundika yote katikati ya slabu hata mimi ningeogopa. Kwa hivo siku hiyo hiyo tulianza kurekebisha. Tumeyapanga kandokando juu ya ukuta unaobeba, kila gunia tumeliinua kwa mbao ndio hewa ipite chini, tumeweka beseni za kukinga maji yanayochuruzika, na huo mfereji tunauosha sisi kila Jumapili. Kumwagilia pia si kwa paipu, tunatumia maji ya kuosha mboga na mchele, na unajua vile bomba la maji mtaani hukauka siku kadhaa, hakuna mtu ana maji ya kumwaga ovyo.

Kitu ninaomba ni tuongee kabla ya kuambiwa toa. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka wa 2015, yaani serikali yenyewe ya jiji ilikubali watu wa hapa wapande chakula kwa utaratibu. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Sisemi hizo zinanipa nguvu juu ya slabu ya mtu, hapana. Nasema tu kwamba mboga kwa gunia si uchafu na si kinyume cha mji. Magunia haya yalisambaa Kibera na Mathare mwaka wa 2008, baada ya zile ghasia za uchaguzi, wakati chakula kilikuwa shida kufika mtaani, na familia nyingi zilikula kutoka hapo mlangoni.

Pia kuna hii ya usafi ambayo mimi kama mama inanisumbua sana. Mboga nyingi tunazokula hapa mjini hatujui zimemwagiliwa nini, na sote tumeona mashamba ya kando ya mito yetu na rangi ya yale maji. Hizi za juu najua kila kitu kilichoingia kwa udongo wake. Mtoto wangu wa miaka sita ambaye alikuwa anasukuma sahani ya mboga kando, saa hii anapanda juu mwenyewe na kurudi na majani mkononi akiniambia hii ni ya gunia lake.

Wenye ploti mkitaka masharti wekeni: idadi ya magunia, mahali pa kukaa, nani anaosha mfereji, nani analipa dari ikiharibika. Tutaweka sahihi. Hata mkisema magunia sita badala ya tisa tutapunguza.

Mwenye ploti wetu amekubali kuja Jumamosi. Nitampikia ugali na managu ya hapo juu, halafu tutapanda naye ngazi mpaka kwa slabu ainue beseni moja moja ajionee kama kuna mahali pamelowa.

Mama wa magunia,
Kayole, Nairobi