Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaotembeza Wageni Mji Mkongwe

Wanangu,

Assalaam alaykum. Juzi pale Forodhani nilimsikia mmoja wenu akiwaeleza wageni kwamba hapa ndipo palipopiganwa vita vifupi kuliko vyote duniani, vile vya dakika 38 vya mwaka 1896, kisha akainua simu yake, akawaonyesha saa ya kuhesabia dakika, na wote wakaangua kicheko. Bibi mmoja katika kundi lile hakucheka. Aliuliza mkuu wa manowari zilizopiga mizinga siku ile alikuwa nani. Kijana akajibu, "Waingereza," akawapeleka kula urojo.

Mkuu huyo alikuwa na jina. Aliitwa Harry Rawson, alizaliwa Surbiton mwaka 1843, akaingia katika jeshi la majini mwaka 1857, umri ambao watoto wetu huwa darasa la saba, na alipigana China kabla hajaota ndevu. Nawasihi mumjue, kwa sababu anayesimulia dakika 38 bila ya kumsimulia Rawson huwafanya watu waamini kwamba jambo lile lilizuka ghafla asubuhi moja, kama ugomvi wa sokoni.

Mwaka 1895 Rawson alikabidhiwa kituo cha wanamaji cha Rasi ya Tumaini Jema, na mwaka huohuo akapanda na askari wake hadi Mwele, nyuma ya pwani ya kusini mwa Mombasa, kuivunja ngome ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini, na Khalid bin Barghash, wa ukoo huohuo wa kisultani, akaingia kasri kukikalia kiti cha enzi bila ya ridhaa ya Waingereza. Kesho yake Rawson akatia nanga hapa na manowari yake St George, na Khalid akapewa hadi saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ameshatoka. Saa 3:02 mizinga ikaanza. Beit al-Hukm, mojawapo ya majumba ya kasri, iliyojengwa kwa mbao nyingi, ikawaporomokea waliokuwamo, na miongoni mwao walikuwamo watumishi na watumwa wasiokuwa na hiari yoyote katika ugomvi wa kiti. Upande wa kasri waliokufa na kujeruhiwa walikuwa kiasi cha watu 500. Upande wa manowari alijeruhiwa baharia mmoja. Basi niambieni, wanangu, mahali pa kuchekea ni wapi?

Haikupita hata miezi 6, Rawson huyohuyo akawa Afrika Magharibi, akiongoza msafara ulioiteka Benin, mji ulio Nigeria ya leo, Februari 1897, mji ukaungua, na sanamu za shaba za Oba, mfalme wa huko, zikachukuliwa na kuuzwa Ulaya. Kwa kazi hizo alipanda. Akapewa cheo cha Sir, akakabidhiwa kikosi cha manowari cha Mlango wa Bahari wa Uingereza, na hata Sultani Hamoud, aliyekalishwa kitini siku ileile ya mizinga, alimvika nishani ya Zanzibar. Hilo la mwisho mlisimulie pia, ingawa linatuuma.

Siwalaumu ninyi peke yenu. Shule zetu hufundisha tarehe na kuacha watu, sisi wazee tunayahifadhi mambo kwa mazungumzo ya mazishini tu, na Beit al-Ajaib, jumba jingine la kasri, iliyosalimika na mizinga ya 1896, ilituporomokea sehemu yake Desemba 2020 sote tukiwa hai na tukiangalia.

Mengine ni mafupi. Msiseme Khalid aliuawa siku ile: alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, akasafirishwa hadi Dar es Salaam, akakamatwa na Waingereza mwaka 1916, akahamishiwa uhamishoni, na akafariki Mombasa mwaka 1927. Jifunzeni majina ya meli: Philomel, Thrush, Sparrow, Racoon, na Glasgow ya Sultani iliyozamishwa bandarini. Msiongeze chumvi. Msimwambie mgeni neno msilokuwa na hakika nalo kwa ajili ya bakhshishi.

Na akija mgeni kutoka Sydney, mwambieni kwamba gavana wa New South Wales wa 1902 hadi 1909, ambaye watu wa huko walimpenda sana, ndiye Rawson huyuhuyu. Kisha mwonyesheni uwanja mtupu ilipokuwa Beit al-Hukm, nanyi mnyamaze kidogo ili aulize mwenyewe.

Mzee wenu wa Malindi, Unguja