Tunashika hatamu bila kuijua

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Kila nikisoma humu nakuta fulani kashika hatamu, chama kimeshika hatamu, na sisi Dodoma kwa kuwa ndo makao makuu hilo neno tunalisikia sana, lakini muulize kijana anayeswaga punda wa maji akuonyeshe hatamu yake. Hana. Ana fimbo.

Mi naendesha mkokoteni wa punda huku Chamwino, nabeba maji na mchanga, msimu wa zabibu nabeba zabibu. Lijamu ni kile chuma cha mdomoni, hatamu ni ukanda unaofungwa hapo ukaja mpaka mkononi kwako, wengine wanaita kigwe. Punda mtulivu hata lijamu hahitaji, kamba ya kichwani inatosha, mradi umwongoze kwa mkono sio kwa kipigo.

Ila kinachoniuma zaidi ni nira. Nira ni ya ng'ombe jamani! Ng'ombe ana nundu, ule mti unakaa mbele ya nundu anausukuma vizuri tu, sasa punda hana nundu, ukimwekea huo mti unakaa juu ya mifupa ya shingo unasaga nyama mpaka kidonda kinatoa usaha na bado kesho asubuhi anafungwa tena palepale. Nilifanya hivyo kwa punda wangu wa kwanza kwa sababu ndivyo nilivyokuta watu wanafanya na mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma. Punda anavuta kwa kifua. Anatakiwa mkanda mpana wa kifuani, ukae chini ya koo asikabwe na juu ya lile fundo la bega miguu itembee, alafu usiwe kamba tupu ya nailoni maana inakata, shonea gunia au mpira wa tairi la baiskeli. Farasi wa kuvuta gari nae ni hivohivo, mkanda wa kifua au kola nene ya shingoni iliyojazwa majani.

Mgongoni kuna kitandiko kidogo, hicho ndo kinabeba ile miti miwili ya mkokoteni inayopita ubavuni (wakiwa punda wawili unakuwa mti mmoja katikati yao). Hapa watu wanakosea kupakia. Madumu 10 ya lita 20 ni kilo 200, mkokoteni wenyewe bado, ukiyasogeza yote mbele uzito unaangukia mgongoni kwa punda, ukiyarudisha yote nyuma miti inanyanyuka na mkanda wa tumboni unambana. Panga juu ya ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, kisha nyanyua miti kwa mkono, ikiwa myepesi umepatia.

Na kuna mkanda wa matakoni, huo karibu kila mtu kauacha. Huo ndo breki. Kwenye mteremko kama ule wa kushuka Ntyuka bila huo mkanda mkokoteni unakuja wenyewe unampiga punda miguu ya nyuma, anaruka, anarusha teke, watu wanacheka wanasema si unaona asante ya punda ni mateke. Asante gani hapo? Kagongwa na mbao na kilo 200 nyuma yake, wewe ungetulia?

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ulizuia biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15, nashukuru sana kwa hilo, lakini huyu aliyepona kuchunwa anaoza shingo barabarani kwetu na tunapishana nae kila siku.

Ombi langu Mhariri, kwenye ukurasa wa wakulima na wafugaji wekeni picha kubwa ya punda aliyefungwa vizuri, kila mkanda na jina lake kwa Kiswahili, tukate tubandike pale kwenye foleni ya maji. Na wanaoandaa maonesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni, pembeni ya matrekta mtutengee nafasi ya punda mmoja na mkokoteni wake, mi wangu niko tayari kumleta.

Mwendesha mkokoteni,
Chamwino, Dodoma