Barua kwa Rehema: nani anaruka zaidi, kiroboto, komba au mtu?

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wanafunzi wako. Barua yako imefika, na mchoro wako nimeutazama kwa makini: kiroboto upande mmoja, mtu upande wa pili, na chini yao maneno "Mtu angekuwa na uwezo wa kiroboto, angeruka ghorofa arobaini." Nakuomba usiubandike ukutani kwanza. Kugawanya na kuzidisha kumefanywa sawasawa, lakini jibu linapotosha habari za mwili, na watoto wakishalishika itakuwa kazi kulitoa.

Tazama hesabu ilivyopatikana. Kiroboto ana urefu wa milimita 2 hadi 3, na akiruka juu hufika kama sentimita 18. Hiyo ni mara 70 hivi ya urefu wake. Chukua 70, zidisha kwa mtu wa mita 1.7, unapata mita 119. Kosa liko kwenye kitu kilichochaguliwa kuwa kipimo. Anayeruka hainui urefu wake, anainua uzito wake. Kuinua kilo moja kwa mita moja kunahitaji jouli 9.8 (jouli ni kipimo cha nishati), iwe ni kilo ya nyama ya tembo au kilo nzima ya viroboto waliomwagwa kwenye mzani. Na msuli, gramu kwa gramu, hutoa kazi inayokaribiana sana kwa wanyama wengi. Basi ukimkuza kiroboto awe na kimo cha mtu, misuli yake itaongezeka kwa kiasi kile kile ambacho uzito wake umeongezeka, na kimo cha mruko kitabaki karibu pale pale. Mwitaliano Giovanni Borelli alilieleza jambo hili tangu karne ya 17. Naongeza kwamba vile vijiguu vyembamba visingeweza hata kuubeba mwili huo ukiwa umesimama, kwa sababu uimara wa mguu hufuata unene wake, nao unene hauongezeki haraka kama uzito.

Kwa hiyo tupime kwa jouli kwa kila kilo ya mwili. Kiroboto huondoka ardhini kwa kasi ya mita 1.9 kwa sekunde. Hiyo ni jouli 1.8 kwa kilo. Mtu wa kawaida anayeinuka sentimita 40 akiwa amesimama ametumia karibu jouli 4 kwa kilo. Umeona? Mtu wako wa mchoroni amemzidi kiroboto zaidi ya mara mbili. Ukitaka mdudu anayetushinda kweli, mtafute yule mdogo anayefyonza utomvu wa majani, ambaye watoto wake hujificha ndani ya povu jeupe kama mate kwenye mashina. Mtafiti Malcolm Burrows wa Chuo Kikuu cha Cambridge alimpima mwaka 2003: ana urefu wa milimita 6, hufika sentimita 70, na kasi yake ya kuondoka ni kama mita 4 kwa sekunde, yaani jouli 8 kwa kilo. Sehemu ya kasi hiyo huliwa na hewa, maana mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake.

Lakini bingwa, Rehema, yuko kwenye miti ya kwetu, naye ni komba. Tumezoea kumtaja kwa ulevi wa tembo la mnazi, na kwa kweli tumemwonea. Yule mdogo, wa gramu 200 hadi 250, alipimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 1965, na bila kukimbia hata hatua moja aliruka hadi mita 2.25. Piga hesabu mwenyewe: ni jouli 22 kwa kilo, mara tano na zaidi ya mtu wa kawaida. Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu mwili wake unafundisha kila kitu unachotaka kufundisha.

Mshike paka nyuma ya mguu uone kisigino chake kilivyo juu. Komba amevuka hapo. Mifupa yake miwili ya kwenye kifundo, ule wa kisigino na ule ulio mbele yake, imerefuka kama vijiti, hivyo mguu wa nyuma una kipande cha ziada cha kunyooka. Faida yake ni njia. Mruko wote hutengenezwa miguu ikiwa bado imegusa tawi. Mguu ukishaachia, hakuna tena kinachoweza kuongezwa. Mguu mrefu unampa msuli njia ndefu zaidi ya kusukuma kabla ya kuachia. Pili, misuli ya mbele ya paja ni mikubwa mno kwa mwili wa namna ile. Tatu, na hili ndilo linalosahaulika, nguvu inayotoka kwa sekunde wakati wa mruko ni nyingi kuliko misuli yenyewe inavyoweza kutoa. Inatoka wapi? Komba huchuchumaa, misuli huanza kuvuta kabla mwili haujasogea, kano zinavutika kama mpira, kisha mwishoni kano hurudi kwa ghafla na kulipa kile zilichowekewa. Msuli ni mwenye nguvu lakini mzito wa mwendo. Kano haina nguvu yake yenyewe lakini hurudi upesi.

Wadudu wamelifikisha jambo hilo mbali zaidi, kwa sababu hawana njia. Kiroboto ana chini ya milimita moja ya kusukumia na muda wa kama milisekunde moja, na hakuna msuli unaokunjika upesi kiasi hicho. Ndiyo maana hutumia manati. Ndani ya kifua chake kuna kipande cha protini inayonyumbuka, iitwayo resilini, ambacho misuli hukibana polepole na kukifungia. Kifungo kikiachia, nishati yote hutoka mara moja. Mtoto yeyote aliyevuta mpira wa manati analijua hili mkononi: unavuta taratibu kwa sekunde nzima, jiwe linaondoka kufumba na kufumbua.

Kwa darasa lako mfano mzuri ni panzi au nzige, maana hatua zake zinaonekana kwa macho. Kwanza hukunja muundi mpaka ulale kabisa dhidi ya paja. Kisha misuli miwili, ule wa kunyoosha na ule wa kukunja, huvutana kwa pamoja kwa kama nusu sekunde, mguu ukiwa haujasogea. Hapa kuna ujanja: msuli wa kunyoosha ni mkubwa zaidi, lakini ule mdogo wa kukunja haushindwi, kwa sababu kano yake hupita juu ya kinundu ndani ya goti na kupata wenzo mzuri goti likiwa limekunjwa kabisa. Wakati huo ganda gumu la goti linapindika kama upinde. Mwishowe msuli mdogo unalegea, na mguu unafyatuka katika sehemu ndogo tu ya sekunde. Nzige mkubwa huondoka kwa mita 3 kwa sekunde. Kwa pembe ya nyuzi 45 hilo linampeleka karibu sentimita 90 mbele.

Mambo huharibika hivi. Mguu mmoja ukitangulia, mwili unazunguka angani. Aliyejivua ganda karibuni haruki vizuri, kwa kuwa ganda bado ni laini na halihifadhi nishati. Asubuhi ya baridi misuli ni mizito. Kuna mdudu mmoja wa Ulaya, aitwaye Issus, ambaye akiwa mchanga ana meno ya gia kwenye shina la miguu yake ya nyuma, yanayoshikana ili miguu yote miwili ifyatuke kwa wakati mmoja; jambo hilo lilichapishwa mwaka 2013. Akijivua kwa mara ya mwisho na kuwa mkubwa, gia zinatoka pamoja na ganda. Na buibui mrukaji, yule wa ukutani mwenye macho makubwa, hunyoosha viungo vyake vikuu kwa shinikizo la maji ya mwilini, kama breki ya gari, maana hapo hana msuli wa kunyooshea.

Sasa wanyama wakubwa. Swala pala huruka kama mita 3 juu na hadi 10 mbele, lakini akiwa anakimbia. Kangaruu mwekundu hupiga mita 8 na zaidi, naye pia yuko kwenye mwendo. Usiwalinganishe hao na mtu aliyesimama. Walinganishe na Mike Powell, mwanariadha wa Marekani aliyeruka mbele mita 8.95 mjini Tokyo tarehe 30 Agosti 1991, akiingia ubaoni kwa karibu mita 11 kwa sekunde. Ukifanya hivyo, binadamu si mnyonge hata kidogo. Kinachomtofautisha kangaruu si urefu wa hatua, ni unafuu: kano zake za kisigino hurudisha sehemu kubwa ya nishati ya kila mtuo, na vipimo vya mwaka 1973 vilionyesha kwamba akiongeza kasi ya kurukaruka, matumizi yake ya oksijeni hayapandi kama ya mkimbiaji mwingine. Vijana wa Kimaasai katika adumu, ile ngoma yao ya kuruka, wanaitumia njia hiyo hiyo: mwili umenyooka, visigino havigusi chini, mguu unagusa na kuondoka. Kisigino kikitua, ile springi inapoa. Tembo mkubwa yeye haruki kabisa. Hata akikimbia, walau mguu mmoja hubaki ardhini.

Kuhusu rekodi ya kuruka juu, wafafanulie watoto jambo moja. Javier Sotomayor alivuka mita 2.45 huko Salamanca mwaka 1993, lakini hakujiinua mita 2.45. Ni mrefu, na kitovu cha uzito wake, yaani nukta ya mwili ambapo uzito wote husawazika, kilikuwa tayari juu ya mita moja aliposimama. Kilichoinuka kweli ni kama mita 1.3, na sehemu ya hiyo ililipwa na mbio alizoingia nazo. Ukitaka kumweka mtu karibu na komba, mtumie Ray Ewry, Mmarekani aliyeruka bila mbio mita 1.65 katika Olimpiki ya Paris mwaka 1900. Na yeye pia, kitovu chake cha uzito kilianza na mtaji wa kimo chake.

Wapimeni wanafunzi wenyewe. Njia ya ukuta: paka chaki ncha za vidole, simama ubavu ukigusa ukuta, nyoosha mkono, weka alama. Hapo ndipo wengi wanakosea: wakiinua visigino au wakilegeza bega, alama hubadilika, na mruko unapungua au kuongezeka kwa sentimita kadhaa bila mtu kuruka tofauti. Kisha ruka, gusa, pima tofauti kwa futi ya fundi cherehani. Mara tatu, na dakika moja ya kupumzika katikati, chukua kubwa. Sakafu iwe ngumu na isiyoteleza, maana mchanga unakula nishati. Mwambie mwanafunzi ashuke haraka na kupanda papo hapo, magoti yakifika kama pembe mraba. Kisha arudie akiwa amechuchumaa sekunde tatu kabla ya kuruka. Atapungukiwa sentimita kadhaa, na hapo utawaonyesha faida ya msuli na kano vilivyovutika kabla.

Njia ya simu ni nzuri zaidi. Rekodi miguu tu, kwa fremu 240 kwa sekunde kama simu inaweza. Hesabu fremu tangu vidole viachie sakafu hadi viiguse tena, gawanya kwa 240, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa 1.23; unapata mita. Fremu 137 ni sekunde 0.57, sawa na sentimita 40. Kwa fremu 30 kwa sekunde, kukosea fremu moja ni kukosea kama sentimita 5, kwa hiyo usiiamini sana. Anayetua akiwa amekunja magoti anadanganya saa: anabaki hewani zaidi na kupata kimo asichoruka. Atue mguu ukiwa umenyooka kama alivyoondoka, kisha ndipo akunje.

Panzi mpimeni juu ya gunia au karatasi ngumu ya manila. Kwenye kigae huteleza. Wakae juani kidogo kabla. Watoto wasiwashike kwa mguu wa nyuma hata mara moja: mguu hukatika wenyewe kwenye shina la paja na hauoti tena. Washike kifuani, mabawa yakiwa yamefumbwa.

Mchoro wenyewe ninaupenda, rangi ni nzuri. Futa maneno ya ghorofa arobaini, na ongeza nguzo nne kwa kipimo kimoja, jouli kwa kilo: kiroboto 1.8, mtu 4, mdudu wa povu 8, komba 22. Komba mchore mguu wa nyuma ukiwa mrefu kuliko unavyodhani unastahili. Wachoraji wengi humpa mguu wa paka. Nitumie vipimo vya darasa mkishamaliza, pamoja na idadi ya fremu, nivipitie kabla hamjaandika kwa wino.

Nisalimie mama na wadogo zako wote.

Rafiki yako,
Mwanaidi