Shavu la Mguu Linalouma Ukitembea na Kutulia Ukisimama

Hapa Tanga mtu akisimama mara tatu kati ya nyumbani kwake na sokoni hakuna anayemshangaa, kwa sababu kuwapita watu barazani bila salamu ni ukosefu wa adabu. Ndiyo maana mzee mmoja wa Makorora, aliyefika katika zahanati yetu ya Ngamiani kupima presha tu, alikuwa ameishi na ugonjwa wa ateri za miguu, yaani mishipa inayopeleka damu miguuni kutoka moyoni, kwa karibu miaka miwili bila yeyote wa nyumbani kwake kutambua. Kila akienda hatua mia mbili hivi, shavu la mguu wa kulia lilimkaza kana kwamba limefungwa kamba. Alisimama, akamjulia hali aliyekuwa karibu, na baada ya dakika mbili tatu maumivu yakaisha, akaendelea na safari yake. Tulipomuuliza alijibu kwa upole, "Ni utu uzima tu, mwanangu."

Haukuwa utu uzima. Presha ya mkono wake, ile namba ya juu, ilikuwa 150, lakini ile ya kifundo cha mguu wa kulia ilikuwa 96. Ukigawanya 96 kwa 150 unapata 0.64, ilhali mtu ambaye damu yake inapita vizuri hupata kati ya 1.0 na 1.4, na jibu lililo chini ya 0.9 huonyesha kwamba ateri za mguu zimepungua upana. Mzee huyu alianza kuvuta sigara akiwa kijana wa kazi za bandarini, na hakuwahi kuacha.

Wateja wetu wengi wanajua kwamba sigara huharibu mapafu, ila wachache wanajua kwamba huharibu pia njia za damu, kuanzia za moyo na ubongo hadi za vidole vya miguu. Ukuta wa ndani wa ateri umetandikwa utando laini sana unaoifanya damu iteleze bila kuganda na unaouamuru mshipa utanuke pale misuli inapohitaji damu zaidi. Kemikali za moshi huujeruhi utando huo. Penye jeraha, mafuta mabaya ya damu hupenya na kujikusanya ndani ya ukuta, yakajenga uvimbe mgumu unaoziba njia kidogo kidogo kwa miaka mingi. Wakati huohuo nikotini huubana mshipa na kuyaharakisha mapigo ya moyo, kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo katika moshi, hushika nafasi ya oksijeni ndani ya damu, na chembe zinazogandisha damu huwa nyepesi kushikana. Uvimbe ukipasuka, damu huganda juu yake. Ikiwa ni kwenye moyo huo ni mshtuko wa moyo, na ikiwa ni kwenye ubongo ni kiharusi.

Tunaambiwa mara nyingi, "Mimi navuta moja tu baada ya chakula." Tunasema kwa uwazi kwamba kwa upande wa moyo hesabu haiendi hivyo: sigara moja kwa siku haileti sehemu moja ya ishirini ya hatari ya anayevuta ishirini, bali hatari kubwa zaidi ya hiyo kwa mbali. Shisha nayo haisafishwi na maji yake, kwani kaboni monoksidi ya makaa hupita majini na kumfikia mvutaji.

Sigara huharibu zaidi inapokutana na wenzake. Presha ya 140/90 au zaidi huupiga ukuta wa ateri mchana na usiku. Nasi watu wa pwani tunaopenda ng'onda na papa mkavu tukumbuke kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kisukari ni kibaya zaidi kwa miguu, kwa sababu huua hisia, hivyo mgonjwa anaweza kukosa hata yale maumivu ya kumwonya na akaja kugundua tatizo akiwa tayari na kidonda kisichopona. Tena kisukari cha muda mrefu huweza kuzifanya ateri kuwa ngumu kiasi cha kipimo kuzidi 1.4, na jibu hilo lisimfurahishe mtu. Linahitaji uchunguzi zaidi.

Habari njema, na tunaisema kwa moyo wote, ni kwamba mwili hauchelewi kushukuru. Mwaka mmoja baada ya kuacha sigara, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa takriban nusu. Kwa mguu wenyewe, dawa mojawapo iliyo bora ni kutembea: tembea hadi maumivu yawe makali kiasi, simama yatulie, kisha endelea, kwa nusu saa au zaidi, angalau mara tatu kwa wiki, baada ya daktari kukuruhusu. Dawa za kupunguza mafuta ya damu na za kuzuia kuganda zipo pia, lakini tafadhali usijinunulie aspirini kwa ushauri wa jirani.

Mguu ukipoa ghafla, ukapauka na kuuma hata ukiwa umelala, usije kwetu. Nenda moja kwa moja Hospitali ya Bombo saa hiyohiyo. Kwa wengine wote, kipimo hiki cha kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono hakina sindano na huchukua kama dakika ishirini. Vaa suruali au gauni linalopanda kwa urahisi hadi magotini, usivute sigara kwa saa mbili kabla ya kufika, na uwe tayari kulala kitandani dakika kumi ili damu itulie kabla hatujaanza kupima.